Siku ya sita tangu upasuaji wa kiungulia, hata uji unasimama kifuani: ni uvimbe au nimekazwa sana?

#1 KakaTabata
Wakuu salaam. Jumanne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kiungulia, ule wa matundu madogo, nina matundu matano tumboni. Hapa hapa Dar. Leo ni siku ya sita.

Kiungulia chenyewe kimekwisha, alhamdulillah. Miaka tisa nimelala nimeegemea mito mitatu kama abiria wa basi la usiku, na sasa hakuna kinachopanda. Ila kuna jambo linanitia hofu. Nikinywa uji, vijiko vitatu vya kwanza vinapita vizuri. Cha nne kinasimama hapa katikati ya kifua, kinauma kama mtu ananikanyaga kwa ndani, mate yanajaa mdomoni, halafu baada ya dakika moja au mbili kinaporomoka chenyewe. Jana kilisimama mpaka nikakirudisha.

Daktari alinieleza kwamba sehemu ya juu ya tumbo wameizungusha yote kwenye umio, ile njia ya chakula, mzunguko mzima, na lile tundu lililotanuka kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, wamelipunguza kwa nyuzi. Akasema mwanzoni nitameza kwa shida kidogo. Kidogo ndiyo hii? Kliniki yangu ni Alhamisi. Shemeji anasema wamenikaza, nirudi wafungue. Mke wangu anasema nakula haraka. Aliyepitia haya anieleze ukweli.

Halafu bega la kushoto linauma tangu siku ya pili. Nimepasuliwa tumbo, bega linahusikaje?

#2 SubiraKimara
Pole mkuu. Naweka mkeka hapa, na mimi nimepangiwa huo huo. Nasoma kila neno.

#3 NesiMstaafu
Pole KakaTabata. Nimekaa wodi ya upasuaji miaka 22, wagonjwa wa aina yako nimewapokea wakitoka chumba cha upasuaji bado wana usingizi. Pale walipozungushia pameshikwa, pamevutwa, pameshonwa. Nyama ikifanyiwa hivyo inavimba. Ukiteguka kifundo cha mguu unakiona kinavyojaa. Na huko ndani ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba huko ndiko uji unakopita. Wengi huanza kuona nafuu wiki ya tatu au ya nne, wengine mpaka mwezi wa tatu.

Kipimo chako cha nyumbani ni mate na maji. Vikipita, hata kwa taratibu, subiri Alhamisi. Siku mate yako mwenyewe yakigoma kushuka usisubiri kliniki, nenda usiku huo huo. Vivyo hivyo ukipata homa, kifua kuuma sana bila kuachia, pumzi kukata, tumbo kuwa gumu kama ubao, choo cheusi kama lami, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu.

Na huko kurudisha: uji uliosimama ukarudi wenyewe ni jambo moja, kutapika kwa kukokomoa ni jambo jingine kabisa. Kukokomoa siku hizi za mwanzo kunaweza kung'oa kazi yote iliyofanyika. Ukisikia kichefuchefu tu, omba dawa yake mapema.

#4 MamaWawili
Mimi ni miaka minne sasa tangu nifanyiwe. Kaka, siku ya sita ulipaswa kuwa unakunywa vitu vinavyopita kwenye chujio la chai. Uji wako ni wa aina gani? Mimi nilipewa wa dona ukanitesa, chenga zake hazionekani kwa macho lakini pale chini zinajipanga. Nikahamia uji wa mchele uliosagwa ukachujwa, na maji ya supu ya kuku bila mafuta. Nilikunywa kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo cha mitaani, kimoja kwa robo saa. Mara sita mpaka nane kwa siku.

Kosa langu lilikuwa siku ya 12. Nilikwenda msibani Temeke, nikaona aibu kukataa, nikala kipande cha mkate kama kidole gumba. Mkate ukikutana na mate unakuwa donge la unga. Ulisimama saa tatu nzima. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba nimeshika ukuta, natema mate kwenye kopo, shangazi zangu wanasema mimba. Mpaka leo nikiona mkate mweupe laini nausogeza pembeni.

Mkate, maandazi, chapati, wali mkavu, nyama isiyosagwa: visahau kwa wiki sita. Na tumbo lako lenyewe limepungua nafasi maana kipande chake kimetumika kuzungushia, kwa hiyo utashiba kwa vijiko vichache. Mimi nilitoka kilo 84 hadi 77 mwezi wa kwanza. Usiogope.

#5 FundiUmeme
Nesi nakuheshimu, lakini neno uvimbe linafunika mengi. Baba yangu mdogo alifanyiwa nje ya nchi. Mwezi wa kwanza akaambiwa uvimbe. Wa pili, uvimbe. Wa tatu, uvimbe. Mwezi wa nne wakaingiza kamera mdomoni, wakapitisha puto, wakalipuliza pale palipobana, na siku mbili baadaye alikula wali. Uvimbe gani unatibiwa kwa puto? Alikuwa amekazwa. Shemeji yako ana hoja.

#6 NesiMstaafu
Fundi, wakati wa kushona huwa wanapitisha mpira mnene kwenye umio, unene wake milimita 18 hadi 20 hivi, ili wakimaliza kubana wabaki na nafasi hiyo. Wanafanya hivyo makusudi wasikaze. Na puto linapanua hata kovu. Miezi minne ni muda wa kovu kukomaa. Kwa hiyo mzee wako huenda hakukazwa, alipata kovu.

#7 FundiUmeme
Huenda. Na huenda alikazwa. Na kuna wapasuaji wasiopitisha huo mpira, nilimuuliza wa kwake mwenyewe.

#8 MpendaHistoria
Nichangie kidogo. Huu upasuaji ni mpya sana, umeanza 1991 huko Ulaya, ndiyo maana bado kuna mabishano. Unaitwa Nissen, jina la Mmarekani aliyeubuni.

#9 MsomajiFeri
MpendaHistoria, nikusahihishe kwa heshima. Rudolf Nissen alikuwa Mjerumani, tena Myahudi aliyeondoka Ujerumani 1933 Hitler alipoingia, akaenda kufundisha upasuaji Istanbul. Baadaye ndiyo akaenda Marekani, kisha Basel kule Uswisi. Upasuaji huu aliuchapisha 1956, kwa kufungua tumbo. Hiyo 1991 ni mwaka ulipoanza kufanywa kwa matundu madogo. Miaka 35 tofauti.

Na mkono huo huo ndio uliompasua Albert Einstein 1948. Mshipa mkuu wa tumboni ulikuwa umevimba, Nissen akauzungushia selofeni usipasuke. Einstein akaishi mpaka 1955. Kumbe mtu alikuwa na mazoea ya kuzungushia vitu.

#10 MpendaHistoria
Nimepokea, ahsante. Hiyo ya Einstein sikuijua.

#11 KakaTabata
Ahsanteni wote. Mama, umenipata: uji ni wa dona, mama mkwe ametoka Morogoro na debe lake na anaupika kwa moyo wote. Nitamweleza kwa adabu.

Mate yanapita. Maji ya uvuguvugu yanapita. Maji ya baridi kutoka kwenye friji yanasimama. Nilidhani ni mawazo yangu, nimejaribu mara tatu, ni vile vile. Kuna mtu anajua kwa nini? Uvimbe haujali baridi, na kukazwa hakujali baridi.

#12 BintiMagomeni
KakaTabata, umeuliza swali zuri kuliko wote humu. Umio ni msuli, una mawimbi yake ya kusukuma chakula. Baridi inausumbua. Kwangu shida ilikuwa hiyo, umio wenyewe ulichoka kwa miaka mingi ya asidi, nguvu za kusukuma zilikuwa chache. Mlango wa kuingilia tumboni ukiwa wa kawaida, umio unasukuma hivyo hivyo. Mlango ukibanwa kidogo, unashindwa. Kabla ya upasuaji ulipitishiwa ule mpira mwembamba wa puani wa kupima nguvu za umio? Mimi nilipitishiwa, ndiyo maana walinizungushia robo tatu tu, wanaita Toupet, digrii 270 badala ya 360. Kuna na ule wa mbele, Dor, nusu mzunguko hivi.

#13 KakaTabata
Nilifanyiwa kamera na ile ya kumeza dawa nyeupe huku unapigwa picha. Huo wa puani wa nguvu za umio sikufanyiwa. Niliambiwa picha inatosha.

#14 FundiUmeme
Haya. Mambo yanaanza kujitokeza.

#15 NesiMstaafu
Fundi usimtie mwenzio hofu, ana mshono. Wengi wamefanyiwa mzunguko mzima bila kipimo hicho na wanakula ugali leo. Kipimo ni bora kiwepo, hilo nakubali kabisa, na KakaTabata ana haki ya kuliuliza Alhamisi.

#16 MzeeMbagala
Vijana mnahangaika. Hiyo ni gesi. Gesi imejaa tumboni inasukuma uji usishuke. Chukua magadi kijiko kwenye glasi ya maji, au soda ya tangawizi baridi, kunywa yote kwa mara moja, ubeue. Ukibeua njia inafunguka.

#17 MamaWawili
Mzee wangu shikamoo. Naomba sana usimpe ushauri huo. Baada ya upasuaji huu HABEUI. Mlango umegeuka wa kwenda tu, na wiki za mwanzo hata hewa hairudi. Akinywa soda au magadi hewa inatengenezwa tumboni na haina pa kutokea juu. Mimi kaka yangu alinipa nusu glasi ya soda nikaona tumbo linataka kupasuka kama ngoma, nikatembea sebuleni mpaka saa nane za usiku. Hewa yote inashuka chini, ndiyo njia pekee, na wanaoishi nyumba moja nawe wavumilie. Watoto wangu walivumilia.

Hakuna soda, hakuna mrija, hakuna jojo, hakuna kuongea huku unakunywa. Vyote vinamezesha hewa.

#18 MzeeMbagala
Marahaba mwanangu. Nimeondoa kauli. Sikujua kama hata kubeua kunazuiwa. Mtu anaishije bila kubeua baada ya pilau?

#19 MamaWawili
Anatembea, mzee wangu. Kwangu ulirudi kidogo kidogo kuanzia mwezi wa tano, mbeuo mdogo. Nilimpigia simu mama kumwambia.

#20 SubiraKimara
Jamani na bega? Mleta uzi aliuliza bega, limepotea katikati ya Einstein na pilau.

#21 MsomajiFeri
Bega ni gesi, ila si ya mzee wetu. Ili wapate nafasi ya kufanya kazi kwa kamera wanajaza tumbo hewa ya kaboni dioksidi, kwa sababu haiwaki moto na damu inaifyonza haraka. Inayobaki inakaa chini ya kiwambo na kukisumbua. Mshipa wa fahamu wa kiwambo unatokea shingoni, pale pale zinapotokea fahamu za bega, hivyo ubongo unapokea maumivu unadhani ni bega. Kulala hakuitoi. Tembea.

#22 BintiMagomeni
Sawa, lakini hewa hiyo huisha siku mbili tatu, nyingine wiki. Yeye ni siku ya sita na ni la kushoto tu. Kwangu lilikaa siku 15, daktari akaniambia ni zile nyuzi kwenye kiwambo chenyewe. Kila ukivuta pumzi kubwa zinavutwa. Kwa hiyo mshipa ule ule, sababu nyingine.

#23 DerevaTandika
Au analala vibaya. Mito mitatu miaka tisa, sasa analala chali ghafla, bega lazima lilalamike. Mimi nilibadilisha kiti cha gari tu bega likaniuma mwezi.

#24 NesiMstaafu
Zote zinawezekana. Ila kwa usalama: maumivu ya bega la kushoto yakija na jasho jembamba, kubanwa kifua, kushuka mkononi au taya, hiyo haijadiliwi kwenye uzi. Ni kuwahi hospitali, wakupime moyo. Umri wako?

#25 KakaTabata
Miaka 43. Hakuna jasho. Linauma nikivuta pumzi ndefu na nikicheka. Mke wangu amepiga marufuku vichekesho kwenye runinga.

#26 DerevaTandika
Mimi naomba kuuliza la kazi. Mdogo wangu amefanyiwa huo huo wiki tatu zilizopita, yeye ni kuli Kariakoo. Anasema hana maumivu na anataka kurudi kubeba mizigo. Vidonda vya nje vimekauka kabisa.

#27 NesiMstaafu
Mzuie, hata kwa kumfungia mlango. Vidonda vya nje ni vya sentimita moja, havisemi chochote kuhusu ndani. Ukinyanyua gunia unakaza tumbo, presha ya tumbo inasukuma kila kitu juu kwenye lile tundu lililoshonwa. Nyuzi zikikatika, tumbo linapanda kifuani na mnaanza upya, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Wiki sita asibebe kinachozidi kilo tano. Ndoo ya lita kumi ni kilo kumi. Na asikae na choo kigumu akisukuma, ni presha ile ile. Dawa za maumivu zinafunga choo, anywe maji. Daktari wake ndiye atakayemruhusu kubeba gunia.

#28 DerevaTandika
Tatizo asipobeba hali. Analipwa kwa mzigo. Lakini nimeelewa, nitazungumza na tajiri mmoja ninayemfahamu ampe kukaa dukani. Ahsante nesi.

#29 MtotoWaKibosho
Mmezungumza yote, hamjataja mtori? Ndizi mshare zilizochemka zikapondwa na supu, ukapitisha kwenye blenda na chujio, ni laini kuliko uji wowote. Dada yangu aliishi kwa mtori wiki nne.

#30 BintiMagomeni
Nilijua tu atatokea Mchagga na ndizi zake. Sisi wa Pwani tuna viazi vitamu vya tui, vinapondwa mpaka vinateleza.

#31 MtotoWaKibosho
Tui lina mafuta dada, mafuta yanachelewa tumboni. Leta mwiko wako nikufundishe.

#32 KakaTabata
Mkungu pale Mahakama ya Ndizi Mabibo nimeagiza kwa bodaboda asubuhi. Nitajaribu vyote viwili, mtoe amani.

#33 MzeeMbagala
Mimi bado nauliza. Huyu kijana aliwahi kutibiwa vidonda vya tumbo? Siku hizi kuna mdudu tumboni, unameza dawa wiki mbili unapona. Kwa nini mtu apasuliwe?

#34 MsomajiFeri
Mzee, huyo mdudu, Helikobakta pailori, anasababisha vidonda vya tumbo. Kiungulia cha KakaTabata ni mlango kati ya umio na tumbo kulegea, asidi ikapanda. Ni magonjwa mawili tofauti ambayo sisi tunayaita jina moja. Nimeona watu wamekunywa dawa za mdudu mara nne huku shida yao ni mlango.

#35 KakaTabata
Mimi ni mmoja wao. Mara tatu. Duka la dawa la kwanza, la pili, na zahanati. Nilikuja kupimwa kwa kamera mwaka wa saba.

#36 SubiraKimara
Na vidonge mnavimezaje? Daktari hakuniambia.

#37 MamaWawili
Vinasagwa, au unaomba vya maji. Ila muulize mfamasia kwanza, kuna vidonge na kapsuli za kuachia dawa pole pole, hizo hazisagwi.

#38 BintiMagomeni
Niongeze sababu ya tano ambayo hamtaitaka: woga. Baada ya kukwamwa mara mbili nilikuwa nikishika kijiko shingo inakakamaa, nazuia pumzi, nameza kama namezeshwa. Niligundua nikila huku namsikiliza bibi akisimulia, kinapita. Nikila peke yangu nakitazama kijiko, kinasimama. Uji ule ule, siku ile ile.

#39 FundiUmeme
Baba yangu mdogo hakuwa na woga na chakula kilisimama.

#40 BintiMagomeni
Nazungumzia shingo yangu, kaka Fundi.

#41 KakaTabata
MREJESHO wa kliniki. Nimemezeshwa dawa nyeupe tena, wakapiga picha. Inapita, ila inasubiri pale mlangoni, nimeiona kwa macho yangu kwenye skrini, kama maji kwenye faneli iliyoziba nusu. Nikauliza: ni uvimbe, nimekazwa, kovu, au umio wangu dhaifu? Daktari akasema siku tisa ni mapema, kwenye picha vyote vinne vinafanana. Akasema uvimbe unaweza kuondoka wenyewe, vingine haviondoki, na muda ndio utakaotenganisha. Nirudi wiki ya sita. Ikibaki hivi mpaka mwezi wa tatu wataingiza kamera, na kipimo cha puani amekubali kuniandikia. Bega hakulijali sana, alipima moyo uko sawa.

Uji wa dona umesimamishwa. Mama mkwe amepokea vizuri, sasa anapika mtori.

#42 NesiMstaafu
Daktari mkweli huyo. Endelea hivyo.

#43 Abuu_Ilala
Assalaam aleikum. Ramadhani imekaribia na mke wangu ana wiki ya tatu. Anataka kufunga.

#44 MsomajiFeri
Waaleikum salaam. Mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku nyingine. Na futari ndiyo hatari yenyewe: mtu ameshinda na njaa, anakula kingi kwa mara moja, tambi, kalmati, chapati. Tumbo lake sasa linataka kidogo mara sita. Mwambie shehe wenu pia, atamwambia hivyo hivyo na moyo wake utatulia.

#45 KakaTabata
Siku ya 38. Jana nimekula samaki changu wa kuchemsha, nikatafuna kila tonge mpaka likawa maji, na nusu ya ndizi. Vimepita vyote. Leo asubuhi yai la kuchemsha limesimama dakika nne. Bega limeacha lenyewe siku ya 17, sijui kwa nini. Maji ya baridi bado yanasimama.

#46 FundiUmeme
Yai kusimama siku ya 38. Nabaki na hoja yangu, lakini nafurahi sana kwa samaki.

#47 MamaWawili
Yai lilinisumbua mpaka mwezi wa pili. Kiini ni kikavu. Livuruge na maziwa, laini.

#48 SubiraKimara
Mimi nalazwa Jumatatu, Inshallah. Kwenye kuandikiwa nimeomba kipimo cha puani, nimefanyiwa, umio wangu uko sawa. Kisingekuwepo kichwani kwangu bila uzi huu. Swali la mwisho: kwangu hakuna blenda. Chujio peke yake litatosha?

#49 KakaTabata
Halitoshi wiki mbili za mwanzo. Mimi sasa naponda kwa uma tu, blenda imekaa. Nicheki inbox nikupe namba, nitamtuma kijana wa bodaboda akuletee Kimara Jumapili, pamoja na chujio. Vikombe vya kahawa nunua mwenyewe.